Nguma wa Gona na Sanduku la Klabu ya Shime

Wasikilizaji wapendwa, salaam kwenu nyote. Salaam kwenu mlio majumbani, na ninyi mlioketi mikahawani chini ya kipaza sauti. Kabla sijaingia humu chumbani nimemwomba Mungu anishike ulimi. Habari ya leo ina hasira nyingi, na hasira ya mtu mwingine ni rahisi sana kuitia chumvi.

Leo namkumbuka mtu aliyekufa akiwa amekasirika.

Jina lake ni Nguma wa Gona, wa Changamwe. Alifariki wiki tatu zilizopita, siku ya Jumatano, kwa homa ya mapafu. Umri wake ulikuwa miaka arobaini na mitano. Alikuwa mfanyakazi wa reli, na alikuwa katibu wa kwanza wa Klabu ya Shime, klabu ya kandanda. Nayasema haya polepole ili yeyote asiyemjua amjue: Nguma wa Gona, wa reli, katibu wa kwanza wa Shime.

Nilipokwenda kwake kutaka ruhusa ya kumzungumzia, mkewe, Mama Kafedha, alikuwa anapepeta mchele wa wageni. Hakuniangalia. Alisema, "Mzungumzie, lakini usimpambe. Ukimpamba, watu wa Changamwe watadhani unasema habari za mtu mwingine."

Basi sitampamba.

Wasikilizaji wapendwa, Nguma alizaliwa Rabai. Alishuka Changamwe akiwa kijana, akaandikwa kazi kwenye genge la reli. Kazi yao ilikuwa kubadili mataruma ya mbao yaliyooza chini ya reli, kukaza njia, kufyeka majani. Miaka kumi na mitano alifanya kazi hiyo na hajui kusoma hata jina lake. Siku ya mshahara alitia kidole gumba katika wino kama wenzake.

Mwaka 1940 lilifunguliwa darasa la jioni kanisani kwetu Changamwe. Mwalimu alikuwa Mwalimu Florence, binti wa Frere Town. Alikuwa akivuka daraja la Nyali, akikata kisiwa chote, akivuka Makupa, ili atufundishe watu wazima a, e, i, o, u. Nami nilikuwa darasani humo, benchi la nyuma. Nguma aliketi benchi la mbele, na magoti yake hayakuenea chini ya dawati.

Mwalimu Florence anamkumbuka hivi: "Alibonyeza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Nikimwambia, Baba Nguma, polepole, karatasi haikukosei kitu, ananijibu, Mwalimu, imenikosea miaka thelathini na sita."

Ndivyo alivyokuwa. Alisoma kwa ugomvi. Lakini alisoma. Mwaka mmoja na nusu baadaye aliweza kuandika barua nzima, na kila barua aliimaliza kwa maneno haya: *Nimeandika mwenyewe, Nguma wa Gona.*

Sasa naja kwenye klabu.

Mwaka 1942, wakati wa vita, Changamwe ilijaa watu. Watu wa reli, watu wa matangi ya mafuta, makuli, vibarua wa kambi za jeshi. Jioni walicheza mpira kiwanjani Magongo, Mkristo na Mwislamu, mtu wa Rabai na mtu wa Mtongwe. Wakaona wanaweza. Wakataka kuingia ligi. Chama kilichosimamia ligi wakati ule, ambacho sitakitaja jina, kikawapa fomu ya kujiandikisha.

Wanachama walikutana uani kwa Nguma. Walikuwa watu hamsini na wawili. Wakamchagua Nguma awe katibu kwa sababu moja tu, kwamba alijua kuandika na hakuona haya kuuliza. Hiyo ilikuwa fomu ya kwanza aliyoijaza maishani mwake. Mwalimu Florence aliketi kando yake akimfasiria Kiingereza, mstari kwa mstari. Jina la klabu: Shime. Mahali: Changamwe. Rangi: nyekundu.

Kisha wakafika mstari wa sanduku la posta.

Wasikilizaji, ninyi mnajua mambo yetu. Ni nani kati yetu ana sanduku la posta? Barua ya mama kutoka nyumbani hupitia sanduku la tajiri wa kazini, au la misheni, au la duka la Banyani. Juu yake huandikwa: kwa mkono wa Bwana fulani. Bwana fulani akiipata, hukuletea. Hivyo ndivyo tunavyoishi. Hatudhani kwamba kwa kuwa barua imepitia kwa Bwana fulani, basi mama amekuwa mama yake.

Nguma alisema watie sanduku la kanisa. Ndipo akacheka Mwinyihaji. Huyu Mwinyihaji ni mtu wa Mtongwe, beki wa Shime na nahodha wake wa kwanza, rafiki wa Nguma kama ndugu. Alisema, "Tukitia sanduku la kanisa, mama yangu kule Mtongwe atasema nimebatizwa!"

"Basi tutie la msikiti," akasema Nguma.

"Msikiti una birika la kutawadhia, bwana. Hauna sanduku."

Watu wakacheka sana. Na katikati ya kicheko hicho mtu mmoja aliyesimama karibu na ua alisema, "Andikeni langu. Sanduku ni bati tu."

Huyo alikuwa Kitsao wa Randu. Bwana Kitsao yu hai, wasikilizaji, na redio anayo. Alikuwa kontrakta wa makuli. Makampuni yakitaka watu wa kubeba madebe ya mafuta yalimwendea yeye, naye aliwapeleka watu. Zaidi ya nusu ya wanachama wa Shime walikula kwa mkono wake. Ni Mkristo, wa kanisa lile lile la Nguma. Siku ile alionekana mtu mwema. Sanduku lake halikuwa la kanisa wala la msikiti, kwa hiyo hakuna aliyeudhika.

Nguma akaandika namba ya sanduku la Kitsao. Akamaliza kama alivyozoea: *Nimeandika mwenyewe, Nguma wa Gona.*

Nalirudia hili kwa sababu mambo yote yanatoka hapo. Klabu ya Shime ilikuwa ya watu hamsini na wawili. Sanduku lilikuwa la Kitsao. Na aliyeandika namba ya sanduku hilo ni Nguma, kwa mkono wake.

Hakuna aliyewaambia kwamba katika sheria za chama kile, mwenye sanduku ndiye aliyehesabiwa mwenye klabu. Barua za mikutano zilimwendea yeye. Mkutanoni kisiwani aliketi yeye. Karatasi za kuandikisha wachezaji alipewa yeye. Mwaka wa kwanza alizileta barua kwa Nguma. Mwaka wa pili alizileta zikiwa zimefunguliwa. Mwaka wa tatu hakuzileta.

Mwaka huo wa tatu, 1944, Shime ilitwaa kikombe. Changamwe iliimba mpaka koo zikakauka. Kikombe kikaenda nyumbani kwa Kitsao, na hakikutoka. Wiki tatu zilipopita, Nguma na Mwinyihaji walikifuata. Mwinyihaji alinisimulia maneno yaliyosemwa, nami nayatoa kama alivyoyatoa.

Walikikuta kikombe juu ya meza, bibi wa nyumba ametia vijiko ndani yake.

"Tumekuja kuchukua kikombe," alisema Nguma. "Watu wanataka kukiona."

"Kikombe cha nani?" Kitsao akauliza.

"Cha klabu."

"Na klabu ya nani?"

"Ya wanachama. Wewe unajua."

"Nionyeshe barua isemayo hivyo."

"Barua zote ziko kwako!"

"Basi umejijibu, Nguma. Kunywa chai uende."

Hawakunywa chai. Nguma alivimwaga vijiko mezani, akakishika kikombe. Kitsao akakishika pia. Watu wazima wawili, wazee wa kanisa moja, wakakivuta huku na huku juu ya meza mpaka sikio moja la kikombe likapinda. Mwinyihaji ndiye aliyemwachisha Nguma. Alimwambia, "Kiache, kiache. Wallahi ukikivunja hapa nyumbani mwake, utakuwa mwizi wewe."

Jumatatu iliyofuata Mwinyihaji aliondolewa unahodha. Aliondolewa na nani? Si wanachama. Na Kitsao, kwa barua.

Wasikilizaji wapendwa, mwaka 1945 Nguma aliita mkutano wa wanachama wote. Swali lilikuwa moja: Klabu ya Shime ni ya nani? Kitsao alikuja na karani wake, na karani alikuja na penseli. Kila mtu alijua penseli ile ni ya kazi gani. Atakayenyoosha mkono vibaya leo, kesho hataitwa kwenye madebe.

Nguma alikuwa amelifikiri jambo hilo. Mama Kafedha aliweka mtungi chumbani, akaufunika kitambaa kilichopasuliwa katikati. Kila mwanachama alipewa punje ya mahindi na punje ya kunde. Anayesema klabu ni ya wanachama atie mahindi. Anayesema ni ya Kitsao atie kunde. Punje ya pili aimeze, aitupe, afanye apendavyo. Wakaingia mmoja mmoja.

Walipoumimina mtungi mkekani, mahindi yalikuwa arobaini na tano. Kunde zilikuwa saba.

Kitsao aliziangalia. Akacheka kidogo. "Mahindi hayapeleki barua," alisema, akaondoka na karani wake. Jioni ile Mama Kafedha alizichemsha kura zote pamoja, akaongeza nazi, wanachama wakazila. Ananiambia hakikuwa chakula kibaya.

Nguma aliandika barua kwa chama cha ligi, kurasa nne. Jibu lilitoka. Lilipelekwa kwenye sanduku la Kitsao. Kitsao akalisoma kwa sauti mlangoni pa kanisa, baada ya ibada, mbele ya watu: chama hakijui habari ya mahindi, chama kinamjua mwenye sanduku.

Hapo ndipo Shime ilipokuwa mbili. Shime ya Kitsao ilibaki katika ligi, na jezi nyekundu, na kikombe chenye sikio lililopinda. Wachezaji wake walikuwa wale waliofanya kazi kwake, na hawakuwa na la kuchagua. Asiyecheza hakubeba debe. Shime ya wanachama ilicheza Magongo na vifua wazi, ikialikwa Mtongwe, Kisauni, Frere Town, popote palipo na uwanja na watu wa kuwaheshimu. Haikuwa katika ligi. Lakini Nguma hakukubali ibadilishwe jina. Wengi walimshauri: tafuteni jina jingine, mwandikishwe upya, mcheze. Alisema, "Mtu akikuibia mtoto, unazaa mwingine umwite jina jingine?"

Sasa nataka niseme habari ya kanisani, na naisema kwa hofu ya Mungu.

Katika kanisa letu, kabla ya Meza ya Bwana, padri huwaita wale walio na upendo na amani na jirani zao wakaribie. Tangu siku ile barua iliposomwa mlangoni, Nguma hakukaribia tena. Kila mwezi watu walipita mbele, naye aliketi. Miaka minne aliketi. Kitsao alikwenda kila mwezi, suti nyeupe, akapiga magoti, akarudi kitini pake akifuta midomo.

Padri alimwita Nguma ofisini. Akamwambia, "Ndugu yangu, chuki itakula roho yako."

Nguma akamjibu, "Padri, maneno yako yanasema mwenye amani na jirani yake aje. Mimi sina. Unataka nimdanganye Mungu kwa ajili ya kipande cha mkate?"

Mimi nimeliombea sana jambo hilo. Ni nani aliyekuwa karibu zaidi na ile Meza, aliyepiga magoti au aliyeketi? Sijapewa jibu, na mimi si mtu wa kulitoa.

Lakini nilisema sitampamba.

Mwanzoni mwa 1947, baada ya kungoja zamu mwaka mzima, Nguma alipata sanduku la posta kwa jina la Klabu ya Shime ya wanachama. Ufunguo wake mdogo aliuvaa shingoni kwa uzi, ndani ya shati, pamoja na msalaba wake. Wanachama walifurahi. Sasa barua zao zingewafikia.

Hazikuwafikia. Zilimfikia Nguma.

Alizifungua yeye, akazisoma yeye, akazijibu yeye. Frere Town walipoalika, aliwakatalia bila kumwuliza mtu, kwa sababu golikipa wao alikuwa shemeji wa Kitsao. Vijana wawili walionekana wakinywa mnazi katika harusi ya binamu wa Kitsao. Aliwafuta kwa barua. Barua! Wakati ule Mama Kafedha alimwambia, "Baba, siku hizi unaandika kama yule." Nguma akamnunia siku mbili.

Mwaka 1948 wanachama wakachagua katibu mpya. Walimchagua Mwinyihaji. Kura zilikuwa za mikono, mchana, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuogopwa. Ndivyo walivyodhani. Nguma alisimama akakataa kutoa ufunguo.

"Nimeungoja posta mwaka mzima," alisema. "Ninyi mlikuwa wapi?"

"Tulikuwa kazini, Nguma," alisema mmoja.

"Mwinyihaji hajui hata kuandika!"

Hilo lilikuwa kweli, na lilikuwa tusi. Mwinyihaji amesoma chuoni, madrasa, anasoma Kurani na kuandika kwa herufi za Kiarabu, mwandiko mzuri kuliko wetu sote. Kwa herufi za Kizungu hajui. Mwinyihaji akamsogelea mpaka kifua kwa kifua. Alimwambia maneno haya, na walikuwapo watu arobaini wa kuyashuhudia:

"Nguma, miaka minne nimekula njaa kwa sababu yako. Kitsao alinitoa unahodha, nikanyamaza. Alinitoa kazini, nikaenda kupakia magunia Kilindini, nikanyamaza. Nilisema, nina ndugu yangu anayepigania kitu cha watu. Kumbe ulikuwa unapigania sanduku. Sasa umelipata. Wewe na Kitsao mna tofauti gani? Niambie moja tu, niondoke."

Nguma aligeuka. Alitoka, akaenda zake. Siku nane hakuonekana kiwanjani. Mama Kafedha anasema alikuwa akirudi kazini, anaketi, anatazama ukuta. Siku ya nane alimwuliza mkewe, "Kafedha, ile fomu ya kwanza, kama ningeacha ule mstari wazi, wangetuandikisha?"

Mama Kafedha akamjibu, "Mimi nitajuaje? Lakini wote walicheka, nawe ulicheka. Hukuandika peke yako."

Siku ya tisa alikwenda mkutanoni. Aliuvua uzi shingoni, na msalaba ukatoka pamoja nao, akahangaika kulifungua fundo mbele ya watu wote, vidole vimekuwa vizito. Hakuna aliyemsaidia. Alipolifungua, aliuweka ufunguo mezani mbele ya Mwinyihaji.

Hakuomba radhi. Nguma hakuwa mtu wa kuomba radhi. Alisema, "Sanduku linakwama. Lisukume kwanza, ndipo uzungushe." Akaenda kuketi nyuma.

Akaketi nyuma mwaka mzima. Mwinyihaji alipopata barua za Kiingereza alimpelekea Mwalimu Florence. Jibu Mwinyihaji alilisema kwa kinywa, na Nguma ndiye aliyeliandika, neno kwa neno kama alivyoambiwa. Chini hakuandika tena jina lake. Aliandika: *Kwa niaba ya wanachama.*

Wasikilizaji wapendwa, huenda mngependa niwaambie kwamba kwa Kitsao pia moyo wa Nguma ulilainika. Haukulainika. Mwezi uliopita, mvua za masika, alilowa njiani siku tatu mfululizo. Kifua kikashikwa. Padri alimwendea kitandani, akamwomba amsamehe Kitsao. Mama Kafedha alikuwapo, binti yao Nyevu alikuwapo. Nyevu ndiye aliyeniambia jibu la baba yake.

"Alisema, Padri, mwambie aje hapa aseme mbele ya watu wawili tu kwamba klabu ni ya watu. Hapo hapo nampa mkono. Padri akaenda. Tukangoja. Baba aliomba mara mbili tumwinue aketi, asije akakutwa amelala. Kitsao hakuja."

Nguma wa Gona alifariki Jumatano alfajiri. Hakuwa amempa mkono, wala hakuwa ameombwa radhi.

Mazishi yalikuwa Alhamisi, makaburi ya kanisa, Changamwe. Nilikuwapo. Watu wa reli walikuja na kofia mikononi. Watu wa Mtongwe walivuka na Mwinyihaji, wakasimama pembeni kwa heshima. Kisha lori la Kitsao likafika. Alikuja na wachezaji wake kumi na mmoja, wote wamevikwa jezi nyekundu za Shime. Hakuwauliza. Aliwaambia tu wapande.

Padri alipomaliza ibada, Kitsao alijisogeza mbele. Akasema, "Nataka kusema neno la kumuaga marehemu. Nasema kama mwenye Klabu ya Shime."

Nilimwona Mama Kafedha akishika mkono wa Nyevu. Familia walikuwa wamemwachia Mwinyihaji kupanga wasemaji wa upande wa klabu. Akajibu kwa upole kabisa.

"Karibu, Bwana Kitsao. Katika klabu yetu, mtu husema akipewa ruhusa na wanachama. Ni desturi tu. Wanaomruhusu wanyooshe mkono."

Kitsao hakuwatazama watu wa reli, wala wa Mtongwe. Aliwatazama wale kumi na mmoja wake. Walikuwa watu wake, na karani wake alikuwa pale. Mkono mmoja ungetosha, naye angesema.

Hakuna mkono ulioinuka.

Miongoni mwa wale kumi na mmoja alikuwa Nzai, golikipa, mtu wa watoto watano. Nilimwuliza baadaye moyo wake ulikuwa wapi wakati ule. Aliniambia, "Niliogopa mikono yangu. Imezoea. Ikikaa mbele itainuka yenyewe. Kwa hiyo niliiweka nyuma, nikaishikanisha."

Kitsao alingoja. Kisha akavaa kofia yake, akaenda kwenye lori. Dereva akawasha moto. Wachezaji hawakupanda. Walishika majembe wakafukia kaburi na wenzao, kisha wakarudi kwa miguu. Jezi walizivua njiani. Mmoja wao alizikunja vizuri zote kumi na moja, akazipeleka mlangoni kwa Kitsao, kwa sababu hawakutaka kuitwa wezi.

Hayo yalikuwa Alhamisi. Jumamosi ya wiki hii iliyopita, Shime ya Bwana Kitsao ilikuwa icheze na timu ya Likoni. Timu ya Likoni ilifika. Mwamuzi alifika. Bwana Kitsao alifika na gunia la jezi. Wakangoja nusu saa. Mwamuzi akapiga firimbi, akaandika kwamba Shime haikutokea.

Siwafichi ninyi: katika wale kumi na mmoja, saba hawana kazi leo. Nzai ni mmoja wao. Na chama cha ligi kimeandika barua kuuliza wanachama wa Shime ni kina nani na wako wapi. Barua hiyo, kwa kanuni, imepelekwa kwenye sanduku la Kitsao. Safari hii Mwalimu Florence alikwenda mwenyewe mpaka ofisi yao, akaomba nakala, akapewa. Jumapili hii saa tisa, Magongo, wanachama watakaa kuijibu. Wale kumi na mmoja wataketi nao.

Wasikilizaji wapendwa, nafika mwisho. Mnacho chama chenu ninyi pia: chama cha kuzikana, cha mpira, cha kwaya, cha wavuvi. Kesho asubuhi ulizaneni, jina la nani limeandikwa pale juu? Ulizaneni sasa, mkiwa bado mnacheka pamoja. Na wewe uliyepewa kitu cha watu ukishike, jitazame, kama alivyojitazama Nguma siku nane. Si wengi wanaoweza kukitoa siku ya tisa.

Sasa nasoma pole zilizoletwa hapa kwa Mama Kafedha, kwa Nyevu na nduguze, na kwa ukoo wote wa Gona kule Rabai. Wafanyakazi wa reli, Changamwe, wanatoa pole. Mwalimu Florence na wanafunzi wa jioni wanatoa pole. Mwinyihaji na watu wa Mtongwe wanatoa pole. Mungu awape subira. Wanachama wa Klabu ya Shime, wote sitini na watatu, wale kumi na mmoja wakiwamo, wanatoa pole.

Imeletwa pole moja zaidi, adhuhuri ya leo, kwa mkono wa karani. Imeandikwa kwa mashine. Inatoka kwa Bwana Kitsao wa Randu, na chini ya jina lake pameandikwa: mwenye Klabu ya Shime. Sikujua nifanye nini. Niliomba, kisha nikavuka Makupa nikamwuliza Mama Kafedha. Akasema, "Pole ni pole. Isome. Cheo kiache."

Basi naisoma. Kitsao wa Randu, wa Changamwe, anatoa pole.